Kuingojea Kompyuta Ndogo

Wenzangu wengi huandika katika gazeti hili habari za safari, za michezo na za mila za kwao. Mimi leo nataka kuandika habari ya kungojea. Mwaka 2024 niliingojea kompyuta moja iliyokuwa bado haijatoka, na katika kungojea kule nilimponza mjomba wangu, ambaye ndiye anilipiaye mahitaji ya shule.

Kompyuta yenyewe yaitwa Mac mini, nayo ni ya kampuni ya Apple ya Marekani. Watu wengi wakisikia kompyuta ya mezani hufikiri sanduku kubwa lililosimama chini ya meza. Hii sivyo; ni kisanduku tu. Steve Jobs aliionyesha kwa mara ya kwanza Januari 2005, upana wake sentimita 16.5 kila upande na kimo sentimita 5, bei yake dola 499. Haikuja na kioo, wala kibodi, wala kipanya. Mnunuzi alitakiwa awe navyo vyake. Kwa mtu ambaye tayari ana kioo cha zamani mezani, hilo si upungufu, bali ni nafuu.

Mwaka 2010 umbo lake lilibadilishwa. Ikawa pana zaidi, karibu sentimita 20, lakini fupi, sentimita 3.6 tu, na kile kidude cha umeme kilichokuwa kikilala sakafuni kikaingizwa ndani yake. Tangu hapo umbo halikuguswa tena kwa miaka mingi. Mwaka 2018 ilibadilishwa rangi, mwaka 2020 ikatiwa prosesa mpya ya M1, na Januari 2023 ikatiwa M2; lakini bati la nje likawa lile lile. Mtu aliyeiona mwaka 2010 angeitambua bila taabu.

Sasa nije kwa mjomba. Yeye ana chumba cha kazi pale Korogwe, karibu na stendi ya mabasi. Hupiga picha za pasipoti na kuchapa barua za watu, lakini riziki yake hasa yatoka katika video za harusi. Kompyuta aliyokuwa nayo ilikuwa kuukuu, feni yake ikivuma kama mashine ya kusaga. Kutoa video ya harusi moja ilimbidi aiache ikifanya kazi usiku kucha, naye alale akiomba umeme usikatike.

Nilipofika kwa likizo fupi ya Septemba alivuta droo akanionyesha bahasha. Alikuwa amekusanya fedha muda mrefu, na huko Dar es Salaam amekwisha pata mfanya biashara mwenye Mac mini ya M2.

“Mwanangu,” akaniambia, “wewe ndiwe msomi wetu. Ninunue?”

Hapana budi niseme nilikuwa katika hali gani siku ile. Mwezi wa Agosti, mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa ameturuhusu kusoma habari mbalimbali Jumamosi, nami nilisoma kwamba Mark Gurman, mwandishi wa Bloomberg, amearifu kuwa Mac mini mpya itatoka mwaka ule ule, na itakuwa ndogo kuliko zote zilizotangulia, karibu sawa na kile kisanduku cha Apple TV. Habari hiyo ilinikaa kichwani kuliko masomo yangu. Nilikata boksi la sabuni nikaunda mfano wake kwa kukisia, nikauweka juu ya kabati langu bwenini. Wenzangu walinicheka, wakaliita boksi lile “kompyuta ya kufulia”. Sikujali. Kila usiku kabla ya taa kuzimwa nililitazama.

Basi nikamjibu mjomba bila kusita: “Ngoja, mjomba. Yaja nyingine, ndogo hata yaweza kukaa kiganjani.”

Akauliza, “Na kazi yangu itaifanya vizuri zaidi?”

“Bila shaka,” nikasema. Lakini kwa kweli sikuwa nimefikiri habari ya kazi yake. Nilikuwa nimefikiri habari ya umbo tu.

Tena liko jambo jingine nililolijua nikalinyamazia. Mwaka 2021 pia habari zilivuma kwamba umbo la Mac mini lingebadilishwa, na watu wakangoja. Ilipotoka mpya Januari 2023 ilikuwa na umbo lile la zamani. Hilo sikumwambia, maana nilichelea asije akanunua ile ya M2, nami nikakosa kuiona mpya nyumbani kwetu. Mjomba akairudisha bahasha drooni, nami nikarudi shule.

Katikati ya Oktoba kompyuta kuukuu ilizimika isiwake tena, na ndani yake mlikuwa na harusi ya watu wa Lushoto ambao walikwisha lipa nusu. Fundi alifaulu kuziokoa picha, lakini akadai ujira wake. Kisha mjomba akalazimika kukodi kompyuta ya mtu mwingine, naye aliruhusiwa kuitumia usiku tu, baada ya mwenyewe kufunga kazi. Kodi ile ilitoka katika bahasha ile ile.

Haya niliyasikia siku ya wazazi. Mjomba hakuja, alikuja mkewe, naye akanieleza yote kwa upole, akanipa fedha za matumizi ambazo zilikuwa nusu ya desturi. Alipokuwa akiondoka akasema, “Mwanangu, ngoja ngoja huumiza matumbo.” Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Tarehe 29 Oktoba 2024 kompyuta ikatangazwa. Mwalimu alituita akatusomea habari zake. Upana sentimita 12.7 kila upande, kimo sentimita 5, prosesa ya M4, nayo ingeanza kuuzwa tarehe 8 Novemba. Nilikimbia bwenini nikalipima boksi langu kwa rula; nilikuwa nimekosea kwa upana wa vidole viwili tu! Niliruka kwa furaha. Halafu nikayakumbuka maneno ya mke wa mjomba, na furaha ikanitoka.

Mjomba alikopa katika chama chao cha kukopeshana ili kujaza pengo la bahasha. Kompyuta ikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam Januari 2025, siku chache kabla sijarudi shule. Tulipoifungua sote tulistaajabu. Uzito wake ni gramu 670 tu! Mjomba aliigeuza huku na huku akitafuta mahali pa kuwashia, akadhani labda tumeletewa pungufu. Kumbe kitufe kimewekwa chini, kwenye pembe ya nyuma, hata mtu hana budi kuiinua kidogo aiwashe. Tukacheka.

Kicheko hakikudumu. Waya za kibodi, za kipanya na za printa zote zilikuwa na ncha pana ya USB ya zamani. Kompyuta ya M2 ilikuwa na matundu mawili ya namna hiyo; hii mpya haina hata moja. Ina matundu matano ya USB, mawili mbele na matatu nyuma, yote yakiwa madogo ya USB-C. Hata fleshi za wateja hazikuweza kuingia. Kioo peke yake ndicho kilichokubali, kwa kuwa tundu la HDMI limebaki. Mjomba alinitazama asiseme neno. Nilitoka nikatembea duka hadi duka pale stendi, na katika duka la tatu nikapata adapta. Niliilipia kwa fedha zangu za kurudia shule.

Jioni ile tuliijaribu kwa video ya harusi. Tuliianzisha baada ya Magharibi, na kabla ya Isha kazi imekwisha. Feni hata hatukuisikia. Mjomba akasema kwa furaha, “Basi kumbe tulifanya vema kungoja!”

Hapo ningaliweza kunyamaza nikapokea sifa. Lakini nilishindwa, nikamweleza yote: habari za mwaka 2021, lile boksi la sabuni, na jinsi nilivyopenda umbo kuliko kazi. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema:

“Kungoja si kosa. Kosa ni kunionyesha upande mmoja tu. Mwenye njaa nilikuwa mimi. Wewe ulikuwa na boksi la sabuni.”

Baadaye nilijifunza jambo ambalo lingefaa niwe nimelijua Septemba. Mac mini ya M2 ya bei ya chini, dola 599 huko Marekani, ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Ile ya M4 ilitoka kwa dola 599 vile vile, lakini na gigabaiti 16. Tena tangu mwaka 2020 kumbukumbu ya kompyuta hizi imefungwa pamoja na prosesa, na mtu hawezi kuiongeza baada ya kununua. Kwa hiyo kama angalinunua Septemba ile ya gigabaiti 8, mjomba angalibaki na hizo nane siku zote, na kazi ya video yataka kumbukumbu kubwa. Kungoja kulimletea faida kweli. Lakini faida hiyo haikutokana na akili yangu. Mimi nilibahatisha, na mtu aliyebahatisha asijiite mwenye hekima.

Wazee wetu walisema subira yavuta heri, wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo, na zamani nilidhani methali hizi zapingana. Sasa naona zote ni kweli, ila yafaa kwanza kuuliza: tumbo la nani?

Wanafunzi wenzangu, huko nyumbani tunaitwa wasomi, na wazazi wetu hutuuliza mambo ya fedha walizozitolea jasho: simu gani inunuliwe, mbegu gani, pikipiki gani. Tunapoulizwa, tuwaambie tuyajuayo kwa hakika, kisha tuliyoyasikia tu, na mwisho tunayoyatamani sisi wenyewe, tusiyachanganye. Wakisha kuyasikia yote, waamue wao, kwa maana watakaongoja ni wao.

Deni la chama mjomba alilimaliza kabla ya likizo ya Juni. Boksi langu la sabuni aliniomba, nami nikampa. Sasa ndimo atiamo zile adapta.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne