Barabara yetu ina nambari

Sisi wa bonde la Ruzizi tulizoea kusema tu «barabara kubwa». Kumbe ina jina: RN5, barabara ya taifa nambari 5. Inatoka Lubumbashi, inapita Kalemie, Baraka, Uvira, Sange na Luvungi, inafika Kamanyola, halafu inapanda milima mpaka Bukavu. Tomati na mihogo yetu inapita humo, na watoto wetu wanaosoma mjini pia.

Nambari hiyo tuliijua kwa shida. Mvua ilivunja kilalo kwenye njia ya mashamba, na usiku mama mwenzetu mwenye mimba akashikwa na uchungu. Tulimbeba kwa kipoyi, matope mpaka magotini, tukafika barabarani ndipo pikipiki ikamchukua. Mtoto alizaliwa mzima. Mama alipoteza damu nyingi, mpaka leo hajarudi kulima.

Tulipoandika barua kuomba kilalo, tuliulizwa: barabara gani? RN ni ya taifa, RP ni ya jimbo. Njia yetu haina nambari, basi kila ofisi ikatuonyesha mlango wa wengine. (Barua ile tumeipiga kopi mara nne, na kopi si bure.)

Sasa tumeandika upya: njia ya mashamba, inaanzia RN5, kilalo kimevunjika, mama amebebwa usiku. Tukingoja jibu, Jumamosi ni salongo, tutalaza miti juu ya maji. Kila mmoja alete jembe ao panga. Wenye kunyonyesha watapika.