Karani wa Mashindano

Kazi niliyoajiriwa, na iliyonilisha mimi na mke wangu na watoto saba, ilikuwa ukarani wa duka. Lakini kazi ambayo watu wa Butembo wamenijua nayo, na ambayo hata leo vijana nisiowafahamu hunisimamisha njiani kuniuliza habari zake, ni ile niliyoifanya bila ujira kila mwezi wa Julai kwa muda wa takriban miaka arobaini, ukiondoa ile ambayo vita au maradhi vilituzuia, nayo ni kuandaa mashindano ya kandanda baina ya makundi ya kazi ya mji wetu: waashi, wauguzi, walimu, wapagazi, maseremala, wabadilishaji fedha, na baadaye, pikipiki zilipoenea, wale waendeshao abiria ambao kwetu huitwa motari.

Nilizaliwa mwaka 1951 huko Musienene, kusini ya Butembo, na Kinande ndicho nilichonyonya. Kiswahili nilikikuta shuleni kwa mapadri wa Asumpsioni, ambako mwalimu wetu wa darasa la tano, mtu aliyekuwa na vitabu viwili vilivyochapwa pwani na kuvihifadhi ndani ya sanduku la bati kama mtu ahifadhivyo hati ya shamba, alitukataza katakata kusema «batu» pale penye «watu». Na kwa sababu hiyo nimebaki mpaka uzee huu na lugha ambayo wajukuu wangu huicheka, wakidai kwamba babu anazungumza kama redio. Mwaka 1972 niliandikwa kazi na mfanyabiashara wa kahawa na vitenge, ambaye nitamwita tajiri wangu na basi, kwa kuwa alipokuwa hai hakupenda kutajwa; na mwaka uliofuata, Rais Mobutu alipotangaza tarehe 30 Novemba kwamba biashara za wageni zitiwe mikononi mwa wenyeji, madaftari yaliyopita mezani pangu yaliongezeka hata nikawa nalala nikihesabu. Tajiri wangu hakusoma zaidi ya miaka minne, walakini alinifundisha kanuni moja ambayo sikuiacha tena: tarakimu iliyokosewa haifutwi wala haikwanguliwi kwa wembe, bali hupigwa mstari mmoja mwembamba, ili kila atakayekuja alisome kosa na sahihisho lake pamoja.

Mashindano yalianza mwaka 1984 kwa sababu duni kabisa, nayo ni kwamba wapagazi wetu na wapagazi wa ghala jirani walikuwa wakipigana kila Jumamosi jioni baada ya malipo, na tajiri akaniambia, «Karani, wapatie mpira, maana nimechoka kununua dawa.» Uwanja mkubwa wa mji, ule uitwao Matokeo, jina ambalo kwangu mimi ni tamu kuliko la kiwanja chochote nilichokisikia, ulikuwa ukitumiwa na timu za ligi, kwa hiyo tuliomba kiwanja cha shule moja mlimani. Butembo imejengwa juu ya vilima, katika kimo kizidicho mita 1,700, na kipande cha ardhi kilicho sawa ni adimu kama chumvi porini. Nilikipima kiwanja kile kwa kamba na chupa iliyotiwa maji nusu, nikaona kwamba lango la magharibi liko chini ya lile la mashariki kwa zaidi ya mita moja na nusu, almuradi mwenye kuushambulia upande wa chini alikuwa na wachezaji kumi na mmoja pamoja na mteremko. Tukaweka watoto wanne kando ya mikalitusi kuokota mipira iliyokimbilia bondeni, kila mmoja kwa ujira wa andazi moja, na tukaandika katika masharti kwamba penalti zote za kuamua mshindi zitapigwa lango la juu.

Msomaji asiyewahi kuandaa jambo kama hili hudhani kwamba mashindano ni siku ya mchezo. Hasha! Siku ya mchezo karani hana kazi ila kushika saa na kuombea mvua isinyeshe. Mashindano yenyewe hufanywa Mei na Juni, juu ya meza, kwa rula na kalamu. Timu 16 katika makundi manne ni mechi 24 kabla hujafika nusu fainali, nazo sharti ziingie katika wiki nne za Julai, kipindi ambacho mvua zimepungua na shule zimefungwa, ilhali wauguzi wana zamu za usiku, walimu wanasahihisha mitihani, na Wasabato hawachezi Jumamosi.

Fauka ya hayo kulikuwa na suala la majina. Sisi Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa: kifunguamimba wa kiume ni Paluku au Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na kuendelea, kwa hiyo orodha ya kwanza niliyoletewa na waashi ilikuwa na akina Kambale watano, akina Kasereka wanne, na Paluku wawili, na mwamuzi alipomfukuza Kambale kwa utovu wa adabu, baada ya dakika tano Kambale alikuwa ameingia tena kwa upande wa pili, tena mrefu kuliko alivyotoka. Nilipolalamika, nahodha wao alinionyesha orodha yangu mwenyewe kwa taadhima kubwa akasema, «Mzee Karani, si uliandika Kambale?» Tangu siku hiyo kila mchezaji aliandikwa kwa jina lake, la baba yake, la mtaa wake, na alama ya kidole gumba, na kidau cha wino wa zambarau kikawa mali ya kwanza ya kamati yetu.

Jambo lililonifikirisha kuliko yote, hata hivyo, sikulipata kwetu bali Kampala, ambako tajiri alinituma mwaka 1987 kufuatilia deni la kahawa. Mwenyeji wetu huko alikuwa mtu wa makamo mwenye kitambi, mwanachama wa klabu ya gofu, naye alinialika nimfuate katika uwanja wa Kitante ili tuzungumze deni huku akicheza, jambo ambalo mwanzoni niliona ni dharau. Nilitembea nyuma yake asubuhi nzima kwa viatu vya ngozi vya kuazima, mashimo yote 18, nikimwangalia akipiga mpira ule mdogo vibaya kupita kiasi, na mwenzake kijana akiupiga vizuri. Na mwisho wa yote wakakaa chini ya mti, wakatoa kadi zao na penseli fupi, na mzee akatangazwa mshindi. Nilidhani ni heshima ya umri. Ndipo kijana mbeba-mkoba akanieleza, kwa Kiswahili cha kambi, kwamba kila mchezaji wa gofu ana hesabu yake, waiitayo hendikapu, inayotolewa katika jumla ya mapigo yake: mzee alipiga 95, akatolewa 20, akabaki na 75, kijana alipiga 81, akatolewa 4, akabaki na 77. Nilisimama pale kama niliyepigwa na radi. Katika miaka yangu yote ya ukarani sikuwa nimeona tarakimu ikifanya insafu iliyo dhahiri namna ile, kumweka mnyonge na hodari katika mizani moja bila kumwonea huyu wala kumdhalilisha yule. Deni, lazima niseme, sikulipata safari ile.

Nikarudi kwa njia ya Kasese na Kasindi huku nikiandika magotini, na Julai iliyofuata tukaanzisha kile nilichokiita fidia: kundi lililoshindwa mechi zote mwaka uliopita liingie uwanjani likiwa na mabao mawili, lililokuwa katikati liwe na moja, na waliofika fainali wasiwe na kitu. Nakiri kwamba matokeo ya mwaka wa kwanza yalikuwa aibu. Walimu, ambao hawakuwa wameshinda mechi tangu mashindano yaanze, walipewa mabao yao mawili, wakajipanga wote kumi na mmoja mbele ya lango lao, wakakaa hapo mpaka kipenga cha mwisho, na wanafunzi wao wakawaimbia nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa. Mwaka wa pili ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu wabadilishaji fedha, watu ambao riziki yao ni kununua leo kile watakachokiuza kesho, walishindwa mechi zao zote kwa makusudi, wakicheka, na mwaka wa tatu wakaja na fidia ya mabao mawili na miguu yao halisi, wakalichukua kombe bila jasho.

Kamati ilitaka fidia ifutwe. Mimi nilishikilia kwamba kosa halikuwa la fidia bali langu, maana niliiga tawi nikaacha shina: hesabu ya mchezaji wa gofu haitokani na mchezo mmoja, hutokana na kadi nyingi zilizokusanywa kwa uaminifu. Nikachukua wastani wa miaka mitatu, nikapunguza fidia ikawa bao moja tu, na kuanzia hapo mtu aliyetaka kudanganya ilimbidi ashindwe kwa miaka mitatu mfululizo mbele ya mke wake na wakwe zake, subira ambayo sijaiona kwa mbadilishaji fedha yeyote. Wauguzi walishinda kombe lao la kwanza kwa kanuni hiyo.

Nimesema kombe, lakini zawadi ya awali ilikuwa mbuzi, na mwaka mmoja tuliyemnunua akazaa siku mbili kabla ya fainali. Masharti yalitaja mbuzi mmoja. Tulikaa usiku kucha tukijadili mwana ni wa nani, wa mshindi au wa kamati iliyomlisha mama yake, hata katekista mmoja mzee akahukumu kwamba kisichoandikwa hakikuahidiwa, basi mwana apewe aliyeshindwa. Tangu hapo tukanunua beberu.

Miaka ya mwanzo wa 1990 pesa zilikufa mikononi mwetu. Ada iliyokusanywa Mei haikutosha Julai kununua hata chokaa ya mistari, na mwaka 1993, wenye maduka walipoikataa noti ya zaire 5,000,000, niliamua kwamba ada italipwa kwa vitu: mpira mmoja, besheni ya chokaa na debe la maharagwe kwa kila kundi. Daftari la tatu, lenye hesabu za miaka hiyo, lina kurasa zinazosomeka kama orodha ya jikoni.

Vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata vilitunyamazisha. Tulipoanza tena, mwaka 2003, tulialika makundi mawili kutoka Beni, umbali wa kilomita zipatazo 54, maseremala na wauza mawese, nao walifika juu ya lori wakitetemeka kwa baridi yetu, maana Beni iko chini na ina joto. Wakatuletea mafuta ya mawese na ndizi, nasi tukawapa viazi na maharagwe na makoti ya kuazima. Ndiyo miaka niliyoipenda kuliko yote. Kisha, kuanzia Oktoba 2014, mauaji yakaingia Beni na vijiji vyake, na ratiba yangu ikapata sharti jipya ambalo halikuwa la kandanda: mechi ya wageni ianze asubuhi, ili lori liondoke kabla ya saa nane mchana. Tarehe 13 Agosti 2016 waliuawa watu wengi Rwangoma, pembeni ya mji wa Beni. Mwaka uliofuata nahodha wa maseremala aliniletea orodha, nikamwuliza habari za beki wake wa kushoto, hakunijibu. Nikalifungua daftari, nikalipiga jina lile mstari mmoja mwembamba, ili lisomeke.

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, ikafika Butembo, na Julai 2019 niliandika neno moja katika ukurasa mzima: «Hakuna.» Ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 2,287 kufariki, na mmoja wao alikuwa mzee aliyetuchorea mistari ya chokaa tangu mwaka wa kwanza, lakini wakati huo mikusanyiko ilikuwa imekatazwa nchi nzima kwa sababu ya korona, basi nikaandika «Hakuna» mara ya pili. Tuliporejea, mkoa ulikuwa chini ya utawala wa dharura uliowekwa Mei 2021, na barua ya kibali, ambayo zamani nilimpelekea meya wa kiraia, nikampelekea afisa mwenye nyota mabegani, aliyeisoma mara mbili akauliza fidia ni kitu gani. Nilimweleza. Akatia sahihi.

Mwaka 2022 macho yalikataa kusoma mistari, nikakabidhi kazi kwa mwalimu mmoja wa kike, binti mwepesi wa hesabu, ambaye alikuja nyumbani na simu yake akaniambia, «Papa, haya yote yanaingia humu, hata wastani unajitoa wenyewe.» Nikamwuliza, «Na ukikosea, mama?» Akasema, «Ninafuta.» Nilikaa kimya, naye akaelewa, kwa sababu wiki iliyofuata alinunua daftari, nalo ni la tisa.

Madaftari ninayo manane nyuma ya kitanda, ukiondoa hilo lake, lakini kwa kweli ni saba, kwa sababu lile la tatu, la mwaka 1991 hadi 1995, liliazimwa na mtu aliyetaka kumaliza ubishi kuhusu bao moja la waashi, na halikurudi. Jalada lake ni la kijani, kona ya chini imeliwa na panya. Aliye nalo na alilete kwa binti yule, au aliache dukani mlangoni; sitamwuliza neno, wala hatadaiwa.