"Kothbiro" na Masikio ya Kiplombe: Utunzi wa Ayub Ogada

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumtazama mtunzi wa nyimbo kama jamaa wa mbali wa mshairi: hualikwa arusini, lakini hapewi kiti cha mbele. Utenzi una wahariri wake, shairi la gazetini lina watetezi wake, na taarabu nayo imekwisha kupata wachambuzi. Lakini yule mtu mmoja atungaye maneno, akayatia sauti, akayapigia ala kwa mikono yake mwenyewe na kuyaimba mbele ya watu, aghalabu huachiwa waandishi wa habari, ambao humweleza kwa safari zake na kwa mavazi yake. Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda, ni mfano ulio wazi. Safari zake zimesimuliwa mara nyingi: Nairobi, London, majukwaa ya Ulaya, kisha kurudi nyumbani. Maneno aliyoyaimba yamepewa nafasi ndogo, kana kwamba sauti ile nzuri haikuwa imebeba kitu.

Yafaa basi kumsikiliza mahali ambapo si kwao wala si Ulaya. Kiplombe, pembezoni mwa Eldoret, ni mahali ambapo shamba la mahindi na nyumba ya kupangisha hutazamana ng'ambo ya njia moja. Wenyeji wake wengi ni Wanandi, lakini waliohamia huko kwa kazi, kwa biashara au kwa kununua shamba wameleta Kikuyu, Kiluhya na Dholuo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha dukani na kituoni. Mwezi wa Machi watu wa huko huwa na jambo moja vinywani. Ardhi imekwisha kulimwa, mbegu na mbolea zimenunuliwa, pengine kwa mkopo, na kilichobaki ni mvua. Wimbo "Kothbiro" ukichezwa redioni majira hayo, msikilizaji asiyejua Dholuo huupokea kwa utulivu wa sauti na wa nyuzi, akatikisa kichwa na kuendelea na shughuli zake. Jina la wimbo huo, likifasiriwa, ni "mvua inakuja".

Matini yenyewe ni fupi mno. Kuna sauti inayoita. Kuna vijana wanaoambiwa wasikilize, kwani mvua i karibu. Na kuna amri kwamba ng'ombe warudishwe bomani. Hakuna hadithi inayosimuliwa, wala fumbo lililofichwa kwa makusudi, wala mafunzo. Mhakiki aliyelelewa katika mapokeo ya utenzi, ambamo urefu na wingi wa hoja ni sehemu ya heshima ya utungo, anaweza kudhani kwamba hapa hakuna cha kuhakikiwa. Hilo ni kosa la vipimo. Utungo huu ni tendo la kuita, na nguvu ya tendo la kuita haipimwi kwa idadi ya beti. Hupimwa kwa kuuliza: nani anaita, nani anaitwa, na anayeitwa anafahamu kwamba ndiye?

Hapo ndipo Kiplombe inapoanza kuwa na faida. Mnandi aliyekulia na mifugo, akishafasiriwa maneno yale machache, hahitaji maelezo zaidi. Anajua mbingu inavyobadilika alasiri, anajua mbio za kuwarudisha ng'ombe, na anajua kwamba mvua ileile inayoombewa kwa ajili ya mahindi ndiyo inayoogopwa na mchungaji aliye mbali na boma. Mambo hayo mawili, furaha na tahadhari, yamo katika wimbo kwa wakati mmoja, na lahani yake haimlazimishi msikilizaji kuchagua. Kilichomzuia asiyafikie ni kizuizi cha lugha peke yake, na kizuizi hicho huondolewa kwa sentensi mbili za Kiswahili. Ni ajabu kwamba sentensi mbili hizo hazipatikani kwa urahisi mahali ambapo wimbo wenyewe unapatikana.

Kuna maana nyingine ambayo hakuna mtunzi angeweza kuikusudia mwaka 1976. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa la Kiambaa, upande huohuo wa Eldoret, lilichomwa moto na watu waliokuwa wamekimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, wakaangamia. Tangu siku hiyo, mwito wa kuharakisha kurudi nyumbani kabla ya dhoruba hauwezi kusikika Kiplombe kama unavyosikika kwingineko. Wimbo unaamini kwamba bomani ni mahali pa usalama. Si haki kuutwika wimbo msiba ambao haukuujua; lakini si haki pia kumtaka msikilizaji wa huko ajifanye hajui anachokijua. Fasihi simulizi huishi kwa namna hiyo, na hadhira hukamilisha kwa maisha yake kile ambacho fanani amekiacha wazi.

Jinsi mtunzi alivyoufikia utungo huo ni jambo linalohitaji kuelezwa, kwa maana hakuanzia hapo. Miaka ya sabini Job Seda alikuwa mmojawapo wa vijana wa bendi ya Black Savage ya Nairobi, waliopiga roki kwa magitaa ya umeme na kuimba, kwa sehemu kubwa, kwa Kiingereza. Wakati huo mjadala wa lugha na mapokeo ulikuwa umekwisha kuwashwa katika vyuo. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wamependekeza Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika, ikiwamo ile ya mdomo, iwekwe kitovuni. Katika historia ya fasihi ya Kenya hatua iliyofuata huhesabiwa kuwa mwaka 1977, *Ngaahika Ndeenda* ilipochezwa Kamiriithu kwa Kigikuyu. Ni nadra kutajwa kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo bendi ya roki ya vijana wa mjini, ambao hakuna aliyewadai waraka, iliweka katika santuri wimbo wa Dholuo uitwao "Kothbiro".

Jambo hili lisitiwe chumvi. Wapigaji wa benga, D. O. Misiani na Shirati Jazz wakiwa miongoni mwao, hawakuwa na Kiingereza cha kukirudia nyuma. Waliimba kwa Dholuo tangu mwanzo, wakauza, wakachezwa katika mabaa. Kwao lugha ya mama ilikuwa lugha ya kazi. Kwa Seda na wenzake ilikuwa uamuzi, na uamuzi uliofanywa ndani ya utanzu ambao mashabiki wake walitarajia Kiingereza. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya awe wa kuvutia kwa mhakiki, ingawa haimfanyi kuwa Mjaluo zaidi ya mpiga benga.

Mwaka 1979 alishiriki kuanzisha African Heritage Band, iliyochanganya ala za asili na zile za umeme. Aliigiza pia: yumo katika filamu *Out of Africa* ya mwaka 1985. Hayo yanaweza kupitwa haraka. Lisilofaa kupitwa ni jina. Job wa Kiingereza ndiye Ayubu wa Biblia ya Kiswahili na Ayub wa Waarabu. Job Seda alipokuja kujulikana kama Ayub Ogada, nusu ya kwanza ya jina lake haikubadilika maana, ilifasiriwa tu. Mtu aliyezaliwa pwani alijipitisha katika umbo ambalo jirani Mswahili angelitamka bila shida. Wanafunzi wa tafsiri wangefanya vyema kuanza somo lao hapo.

Mwaka 1986 alikwenda London akiwa na nyatiti, na akaipiga katika vituo vya treni za chini ya ardhi. Kipindi hiki husimuliwa kama ngano ya Abunuwasi: maskini mwerevu apiga ala pembeni, tajiri apita, bahati yafunguka. Kweli, mwaka 1988 alipata kupanda jukwaa la tamasha la WOMAD, na baadaye studio za Real World zikamfungulia milango. Lakini kilichotokea katika vituo vile kabla ya bahati kufunguka kina uzito mkubwa kwa anayesoma fasihi simulizi.

Nyatiti ni ala ya nyuzi nane. Mpigaji wake, kwa desturi ya Waluo, huketi kwenye kigoda kifupi, na pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu hugonga mti wa ala na kushika mapigo, huku njuga zikilia mguuni. Lakini mkusanyiko haumtegemei yeye peke yake. Kuna desturi iitwayo pakruok, ambayo kwayo msikilizaji humkatiza mwimbaji katikati ya wimbo, akatoa fedha, na kwa fedha hiyo akanunua nafasi ya kusema: ajisifu, amsifu rafiki yake, ataje ukoo, atupe kijembe. Mwimbaji humsubiri huku nyuzi zikiendelea taratibu, kisha huyachukua maneno yale na kuyaingiza katika wimbo. Hivyo basi fedha katika pakruok ni ada ya kuzungumza. Hadhira hulipa ili iwe sehemu ya matini.

Katika kituo cha treni sarafu ina kazi iliyo kinyume kabisa. Abiria huidondosha bila kusimama, na kwa kuidondosha huwa amemaliza wajibu wake. Amenunua ruhusa ya kupita. Haulizi maneno yana maana gani, wala hana la kuongeza. Fanani anabaki na ala iliyotengenezewa mazungumzo mbele ya watu wasiozungumza naye. Hapo ndipo panapopatikana sababu mojawapo ya sura ya albamu yake *En Mana Kuoyo* ya mwaka 1993, ambayo jina lake ni sawa na kusema "ni mchanga tu". "Kothbiro" imerudi humo, mara hii bila vishindo vya roki, nyuzi za nyatiti zikijirudia kama mtu anayefikiri, na sauti ikiwa karibu sana na sikio. Wale waliosema kwamba ametulia kwa sababu muziki wa Kiafrika una utulivu hawakupata kumsikia mwimbaji wa nyatiti arusini au matangani. Ni mkusanyiko wenye makelele, mabishano na vicheko. Utulivu wa Ogada ni wa mtu aliyejifunza kuimba bila kukatizwa. Ni mzuri, na ni wa kusikitisha.

Mwaka 2005 wimbo uliingia katika *The Constant Gardener*, filamu iliyotokana na riwaya ya John le Carré na kupigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya. Watazamaji ulimwenguni waliusikia kwa wingi usiowahi kutokea, na takriban wote waliusikia kama huzuni. Amri ya kuwarudisha ng'ombe iligeuka kilio. Hakuna sababu ya kuwalaumu watengenezaji wa filamu kwa kutumia muziki kama muziki. Lakini mhakiki ana haki ya kusema kwamba kilichochukuliwa ni nusu.

Bonde la Ufa lina mfano wa wimbo wa mgeni usioeleweka kupokelewa kwa namna nyingine kabisa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, wasichana wakiimba kwa kinubi wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mtunzi na mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko na kuchezwa. Wasichana wale hawakujua Kiingereza, na Rodgers hakujua kwamba wapo. Lakini hawakumwacha awe sauti ya nyuma ya maisha yao. Walimpa jina linalotamkika, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamwita. Kutoelewa kwao kulizaa maneno mapya. Katika mkasa wa filamu kutoelewa kulizaa kimya, ijapokuwa kimya chenye machozi. Mnamo mwaka 2014 rekodi za Tracey zilirudishwa kwa Wakipsigis, na baadhi ya wazee walioimba walikuwa bado hai kuzisikia.

Ogada alirudi Kenya mwaka 2007, na akaishi miaka yake ya mwisho Nyahera, nje kidogo ya Kisumu. Wimbo haukurudi naye, uliendelea kuzunguka. Mwaka 2018 Kanye West alichukua kipande cha "Kothbiro" na kukijengea wimbo wake "Yikes". Hakukichukua katika rekodi ya Real World inayojulikana zaidi. Alikitoa katika ile ya zamani ya Black Savage, na kwa sababu hiyo orodha ya watunzi ililazimika kutaja majina mawili: Ayub Ogada pamoja na James Mbarack Achieng, mwenzake katika bendi. Kwa wasikilizaji wengi waliodhani kwamba wimbo ni wa mtu mmoja na nyatiti yake, hilo lilikuwa jambo geni. Tarehe 1 Februari 2019 Ogada alifariki nyumbani kwake Nyahera. Santuri ya mwaka 1976 iliimbwa na kijana aliyeitwa Job Seda. Orodha ya mwaka 2018 ilimlipa kwa jina la Ayub.