Namba Tatu za Bastola Moja

Watu huniuliza ni kitu gani kinachonivutia katika bastola kuukuu. Huwajibu kwamba si risasi wala moshi wake, bali namba. Chuma hakina ulimi, lakini tarakimu zilizopigwa juu yake husema mengi kwa mwenye subira ya kuzisoma.

Chukua ile Colt ya risasi sita, iliyoanza kuundwa mjini Hartford, Marekani, mwaka 1873. Namba zake zilianzia 1, na kufikia 1940 zilikuwa 357,859. Kwa namba hiyo mtafiti hujua mwaka wa kuundwa, jambo lenye uzito, kwani sheria ya Marekani huihesabu silaha kuwa ya kale ikiwa iliundwa mwaka 1898 au kabla yake. Tena kampuni yenyewe hutoa barua, kwa malipo, ikieleza kutoka katika madaftari yake bastola ilitoka lini na ilipelekwa wapi.

Namba hiyo ilipigwa mahali patatu: kwenye mwili, kwenye chuma kinachokinga kifyatulio, na kwenye chuma cha mgongo wa mpini. Wakusanyaji hutaka zote zilingane. Zisipolingana, bei huporomoka.

Nilipokuwa nikiishi huko, jirani yangu mjane alirithi bastola kama hiyo, yenye namba tatu tofauti. Mnunuzi mmoja aliiita takataka. Mwingine alimshauri azisugue, apige namba moja. Nilimsihi asiguse kitu. Mtutu wake ulikuwa wa inchi 5.5, na alama za mkaguzi wa jeshi zilikuwapo. Kati ya 1895 na 1903 jeshi la Marekani lilikusanya Colt zake za zamani, likaamuru mitutu ya inchi 7.5 ikatwe na silaha zitengenezwe upya. Mafundi hawakujali kipande kipi kilitoka katika bastola ipi, namba zikachanganyika. Hivyo kutolingana kule ndiko kulikokuwa ushahidi. Kuzisugua kungekuwa kumziba shahidi mdomo.

Naam, ndugu msomaji, si kila kinacholingana ni cha kweli, wala si kila kilichochanganyika ni cha bandia. Kitu kilichotumika, kikavunjwa na kuungwa tena, kina haki ya kuonyesha mishono yake. Anayeifuta ili kumpendeza mnunuzi anauza uongo. Na njia ya mwongo ni fupi.