Santuri ya Kwanza Si Lazima Iwe Ndiyo Bora

Wasee wa santuri, tuambiane ukweli. Chukua Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959. Siku ya kwanza studioni, mashine moja ilizunguka polepole kidogo, na tepu yake ndiyo ikatumika. Kwa hivyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka zikienda mbio kiasi, sauti imepanda. Kosa hilo lilirekebishwa miaka ya 1990, kwa tepu ya akiba. Sasa mtu analipa pesa mob apate kopi ya 1959, halafu anacheka yangu ya juzi. Manze, yangu ndiyo iko karibu na vile Miles alipuliza tarumbeta. Wewe unanunua muziki ama unanunua umri?