Boga la Bibi Mmoravian

Mwezi uliopita nilikuwa Kaliua. Mhariri alinituma kufuatilia masoko ya tumbaku, na kwa kuwa posho ya safari siku hizi ni ya kubahatisha, nikaona bora nifikie kwa mama mdogo, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji. Habari ya tumbaku nimeshaiandika, imetoka, na imekatwa nusu kama kawaida. Haya ni yale yaliyobaki kwenye daftari.

Kwa wasiopajua: ukitoka Tabora mjini kuelekea magharibi unapita Urambo, halafu ndiyo Kaliua. Hapo ndipo reli ya kati inapogawanyika, moja inakwenda Kigoma na nyingine inashuka Mpanda. Watu wamekuwa wakipita upande huu muda mrefu kabla ya reli. Misafara ya pembe na ya watumwa kati ya Tabora na Ujiji ilikatiza nchi hii, na enzi za Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, haikupita bure. Kisha Wajerumani wakaleta garimoshi, likafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Wilaya yenyewe ni changa, ilimegwa kutoka Urambo mwaka 2012.

Sasa, mimi ni mtoto wa Machame. Kwetu Mlutheri ni kila mtu. Unazaliwa, unabatizwa, unapata kipaimara, unaimba kwaya mpaka sauti ikatike, na wala hujiulizi nani yuko nje ya kundi, maana humjui. Kaliua ni tofauti. Huku Mlutheri ni mgeni. Waprotestanti wa Unyamwezi wengi ni Wamoravian: wamisionari Waingereza wa London Missionary Society walipoiacha Urambo mwaka 1898, Wamoravian ndio waliopokea kazi. Wakatoliki nao wapo tangu zamani, na Waislamu wamekuwepo Tabora kabla yao wote. Ibada anayosali mama mdogo imejaa watu waliokuja: walimu, manesi, askari, wastaafu wa reli waliosahau kurudi kwao, na familia za Kisukuma zilizohama na ng'ombe wao. Jumapili nilipohesabu (ndiyo, nilihesabu, ugonjwa wa kazi) hawakufika themanini pamoja na watoto. Hawana mchungaji wa kukaa nao. Wana mwinjilisti na baiskeli yake.

Jumatano jioni ilikuwa zamu ya nyumba ya mama mdogo kupokea ibada ya nyumba kwa nyumba. Mnaijua: mikeka, viti vya kuazima, wimbo wa kuanzia unaoanzishwa juu mno halafu kila mtu anateseka nao hadi ubeti wa mwisho. Likasomwa neno, tukaomba, ikaletwa chai na matobolwa. Nikawa najiandaa kutoroka nikachaji simu. Ndipo mama mdogo akasema kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa jirani yake, bibi mmoja mjane wa nyumba ya tatu kutoka hapo. Mvua za Machi ziliangusha ukuta mmoja wa nyumba yake ya tofali mbichi, na nusu ya paa ikafuata. Tangu hapo bibi na wajukuu wawili wanalala kwenye banda la jikoni. Mama mdogo aliomba vitu viwili: watu wa kufyatua tofali na kusimamisha ukuta, na fedha kidogo kutoka mfuko wa diakonia kwa ajili ya misumari na bati chache.

Kimya. Kisha akanyanyuka mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa tumbaku, mtu mpole kwa kila nilichokwisha kukiona kwake.

"Mwalimu, huyu mama si msharika wetu."

"Najua."

"Na mumewe unajua alituacha vipi?"

Hapa inabidi niwaeleze kidogo habari ya tumbaku, ile iliyokatwa na mhariri. Mkulima mdogo hana fedha ya mbolea. Anaipata kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na mkopo unadhaminiwa na wanachama kwa pamoja. Tumbaku ikiuzwa, deni linakatwa kwanza, kinachobaki ndicho chake. Sasa mwenzako akishindwa, au akauza mzigo wake pembeni, au akafa, deni halifi. Linagawanywa kwenu. Unaweza kulima vizuri, ukauza vizuri, ukarudi nyumbani na fedha ya kununua sukari tu kwa sababu ya mtu mwingine. Nimewahoji wakulima wengi safari hii na hakuna lililowauma kuliko hilo, hata bei yenyewe.

Marehemu mume wa bibi alikufa akiwa na deni la mbolea. Mzee wetu wa kanisa ni mmoja wa waliokatwa.

"Mume wake nimeshamlipia mbolea," akasema. "Sasa nimjengee na nyumba?"

Ndugu zangu, nilishindwa hata kumchukia. Nilikuwa nimeshika kalamu na nikajikuta nauona ukweli wake wote. Ana watoto sekondari. Alikatwa fedha halali ya jasho lake. Na mfuko wa diakonia nao unatokana na sadaka za watu wachache wasio na kitu, yeye akiwamo.

Mama mdogo hakubishana. Alisema tu kwamba yeye Jumamosi atakwenda kufyatua tofali, anayetaka aje na jembe. Suala la mfuko likaachwa kwa kikao cha wazee. Tukafunga kwa sala, ile sala ya haraka ya watu waliokasirikiana.

Usiku sikulala vizuri. Niwaambie kwa nini.

Dar es Salaam napanga chumba Tabata, kwenye ua wenye wapangaji sita. Mwaka jana jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani, alikuwa akikohoa usiku. Nilimsikia wiki nzima. Nilichofanya ni kuongeza sauti ya redio, maana nilikuwa natoka zamu ya usiku na nataka usingizi. Siku moja narudi asubuhi nakuta turubai limefungwa uani na viti vimepangwa. Nikamuuliza kijana mmoja, "Msiba wa nani?" Akaniangalia. Nilikuwa naishi naye sentimita kumi na tano. Jina lake kamili nililisikia siku hiyo, kwenye wasifu wa marehemu. Nikatoa rambirambi elfu tano, nikaenda kazini nikaandika habari ya watu wa mtaa mwingine wanavyosaidiana.

Basi Jumamosi nikaazima suruali ya zamani nikaenda.

Tulikuja kumi na moja. Mwinjilisti alikuja na baiskeli na ndoo mbili. Wanawake wa Kimoravian kutoka kanisani kwa bibi nao walikuja, wamebeba maji, kumbe walikuwa na mpango wao wa wiki iliyofuata wakaamua kuunganisha. Na kijana wa Kiislamu mwenye duka la vocha alifunga duka akaja na koleo, akatuonyesha sisi wasomi jinsi udongo unavyokandwa. Mzee wa kanisa hakuja. Mke wake alikuja.

Wakati wa mapumziko, tukila ugali kwa nsansa, nikamwuliza mwinjilisti swali langu la kiandishi. Kwa kazi hii ya majirani, mmepata waumini wangapi?

"Kutoka nyumba hii?" akacheka. "Hakuna. Huyu bibi ni Mmoravian tangu ubatizo. Tukimchukua tutakuwa tumeiba."

Akaendelea kula. Kisha akanikumbusha Ulyankulu, ambako ni humu humu wilayani Kaliua. Wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliwekwa huko, porini, na shirika lililofanya kazi nao lilikuwa TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani. Wengi wa wakimbizi wale hawakuwa Walutheri. Walikuwa Wakatoliki, Wapentekoste, Waanglikana. Walibaki hivyo, wakalima, wakaimba (nani wa rika la wazazi wetu hajui Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13?), na mwaka 2014 walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. "Hesabu hiyo ungeiandikaje?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, nikaomba nyongeza ya mboga.

Ukuta ulisimama kwa Jumamosi mbili. Bati zilipatikana sita: wazee walikubali fedha ya mfuko inunue tatu, Wamoravian wakaleta mbili za zamani, moja sijui ilitoka wapi. Bibi hakutoa hotuba. Nilipomwamkia, "Shikamoo bibi," aliitika "Marahaba mjukuu wangu," akanituma nishike ngazi.

Jumapili yangu ya mwisho tulipishana naye barabarani, yeye na wajukuu wanaelekea Moravian, sisi tunaelekea Lutheran. Mama mdogo akamwambia "Mwangaluka," naye akaitika, akampa boga kubwa alilokuwa amembebesha mjukuu. Akasema hilo ni la kanisani kwenu, msile nyumbani.

Mnajua mambo yetu ya mnada baada ya ibada. Vilitangulia mayai, jogoo, debe la karanga. Boga likaletwa mwishoni, na mnadishaji akataja limetoka kwa nani. Akaanzia elfu moja. Mwinjilisti akasema mbili. Kijana wa kwaya tatu. Mimi, kwa kiherehere cha mgeni wa kutoka Dar, nikaruka hadi elfu nane. Nyuma yangu mtu akasema kumi. Nikasema kumi na mbili, nikijua kabisa nauli ya basi iko humo.

"Kumi na tano."

Nikageuka. Ni yule mzee wa kanisa. Alikuwa hamwangalii mtu. Mnadishaji akahesabu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee akaja mbele, akahesabu noti polepole kwenye meza ya mhazini, akalikumbatia boga kwapani na kutoka nje, mkewe akimfuata nyuma.