Tangi la Samaki Kabla ya Samaki

Wako wazazi wengi katika nyumba za kambini hapa Uganda ambao hununua tangi la kioo asubuhi, hulijaza maji adhuhuri, na jioni samaki wamo. Juma la pili halimaliziki ila watoto wanalia. Wengine husema muuzaji amewahadaa. Mara nyingi sababu ni nyingine: maji yalikuwa mapya mno, hayana viumbe vya kuuondoa uchafu wa samaki.

Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Wapo bakteria waigeuzao amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine waigeuzao nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao hufanya makao katika changarawe na sponji ya kuchujia, na huhitaji majuma manne hadi sita kuenea. Askari atalifahamu upesi jambo hili: kikosi hakihamii porini kabla watangulizi hawajachimba vyoo.

Meza na iwe imara, mbali na jua la dirishani liotalo mwani. Tangi la sentimeta 80 kwa 35 kwa 40 huchukua lita 112, yaani kilo 112 kabla ya kuhesabu kioo na mawe. Lioshwe kwa maji na chumvi. Sabuni isiliguse kamwe. Maji ya bomba yenye klorini yalazwe siku nzima katika ndoo wazi, kwani klorini iuayo vijidudu vya maradhi haiwabagui hawa tunaowakaribisha.

Kisha pampu ya hewa iwashwe, na kila siku chembe chache za chakula zitiwe zioze. Jirani mwenye tangi la zamani akikupa konzi ya changarawe yake, muda hupungua.

“Baba, tunamlisha nani?” mwanangu aliniuliza kila jioni, majuma matano. Nikampa kazi ya kupima maji kwa matone ya dawa yabadiliyo rangi. Amonia ilipanda ikashuka. Nitriti nayo ikafuata. Zote mbili zilipofika sifuri ndipo nilipokubali.

Sikutaka haraka kwa sababu tuliwataka nkejje wa Ziwa Victoria, wale wadogo ambao wazee huwakausha na kuwapa watoto wagonjwa. Mbuta alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za nkejje zilikuwa zimetoweka au zimekuwa adimu. Baadhi zimesalia katika matangi ya wafugaji tu. Samaki wa namna hiyo hajaribiwi kwa maji mabichi.

Waanze watatu au wanne. Mfuko wao uelee tangini robo saa, ukiongezwa maji ya tangi kidogo kidogo. Kila juma badili robo ya maji ili nitrati isizidi. Na jike akikataa chakula huku kidevu kimemvimba, msimtilie dawa: nkejje hutunza mayai na wanawe kinywani kwa majuma mawili hadi matatu.